Kufuta Kuje Mwisho: mhadhara kwa wanaoendesha seva za kioo

Kwenye kioo, yaani seva inayobeba nakala ya hifadhi ya programu za Linux kama Debian, faharasa (orodha za matoleo) ziko folda ya dists, pakeji (programu zenyewe) ziko folda ya pool. Hilo mnalijua, silirudii. Ninalorudia, na mtanichoka, ni utaratibu wa kunakili.

Mtu anaomba pakeji kwa apt, programu ya kusakinishia ya Debian, anapewa 404 (faili haipo), analaumu intaneti. Intaneti haina kosa. Faharasa yake ya juzi inataja toleo ambalo kioo kimeshalifuta. Haya, apige apt update, alete faharasa mpya. Na ikiwa kioo chenyewe kiko katikati ya kunakili? Rsync (programu ya kunakili faili) ya mkupuo mmoja yenye --delete (futa visivyopo kwenye chanzo) inaweza kuleta faharasa mpya pakeji zake zikiwa bado njiani, au kufuta za zamani wakati faharasa ya zamani ingali pale. Hapo apt update haifui dafu. Gawa kazi mara mbili: kwanza leta pool bila kufuta kitu, faharasa ziache, kisha leta dists, na ufutaji uje na --delete-after (futa baada ya kunakili). Ftpsync, skripti ya Debian ya kunakilia vioo, inafanya hivyo hivyo, lakini watu wanapenda skripti zao za mstari mmoja!

Na matoleo ya zamani msiyatupe. “Diski itajaa.” Nilijua mtasema. Weka nakala ya kila siku kwa rsync -a --link-dest=/srv/kioo/jana, ukielekeza /srv/kioo/leo. Faili isiyobadilika haili nafasi mara ya pili. Inapata jina jingine tu. Masharti yapo: folda zote mbili ziwe kwenye mfumo mmoja wa faili. Ukitumia -r tu badala ya -a, tarehe za faili hazilingani, rsync inanakili kila kitu upya, na hapo ndipo diski inajaa kweli. Na --inplace usiiguse: ukiandika juu ya faili ya leo, umeharibu na ya jana.

“Matoleo ya zamani yana mianya ya usalama.” Yanayo. Ndiyo maana yakae kwenye anwani ya pembeni, anayeyataka aiandike mwenyewe kwenye sources.list, faili ya anwani za apt. Anayesaka toleo lililoleta hitilafu atalinganisha na nini mkishafuta?

Tazameni CentOS 7, Linux nyingine: ilifika mwisho wa matunzo tarehe 30 Juni 2024, seva ya orodha ya vioo, mirrorlist.centos.org, ikazimwa, yum, yaani apt ya CentOS, ikabaki inatafuta jina lisilokuwepo. Pakeji zipo vault.centos.org, baseurl (anwani ya kioo kwenye mipangilio ya yum) mnaibadili kwa mkono.

Naona naonyeshwa saa. Haraka: hifadhi ya matoleo ya zamani ya Debian, snapshot.debian.org, inarudi hadi 2005. Kwa unstable (tawi la maendeleo) na security (la marekebisho ya usalama) ongezeni [check-valid-until=no] kwenye sources.list, kwani faili zake za Release, zinazothibitisha faharasa, zina tarehe ya kuisha. Arch, Linux nyingine, wana archive.archlinux.org. Funguo za GPG (za kuhakiki saini) zilizoisha muda, tuziache. Maswali?