Onjeni Kahawa Yenu Kabla ya Kuiuza

Hamjambo wazee wetu, mama zetu, ndugu wakulima, na ninyi vijana mliokaa kule nyuma. Asanteni kwa kuacha kazi za shamba na kuja hapa Mbale, chini ya Mlima Elgon. Najua wengine mmeshuka kutoka Sipi na Budadiri, na wengine mmesafiri usiku kucha kutoka Masaka.

Nina ombi moja: kila familia inayolima kahawa iionje kahawa yake kabla ya kuiuza. Uganda ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa kahawa barani Afrika, lakini ingia nyumba za wakulima asubuhi, utakuta birika la chai. Kahawa inaondoka ndani ya gunia, na mtu wa kwanza kuijua ladha yake ni mnunuzi. Yeye anajua anachonunua, sisi hatujui tunachouza. Mapatano ya bei yatakuwaje ya haki?

Hao wanunuzi wa kahawa ya hali ya juu huikaanga, huisaga, huionja, kisha huipa alama katika 100. Ikifikisha 80 inahesabiwa kahawa maalumu. Ikipungua hapo, inachanganywa na nyingine na kwenda kwa bei ya kawaida ya soko. Ukubwa wa shamba hauongezi hata alama moja. Mwenye ekari moja na nusu anaweza kumpita mwenye ekari mia, na mimi nimeliona hilo kwenye meza ya kuonjea.

Sisi wa Elgon tumepewa mlima. Kilele kiko mita 4,321, na arabika, aina ya kahawa tunayolima huku, inastawi miteremkoni kuanzia kama mita 1,300 hadi kupita 2,000. Huko juu usiku ni baridi, tunda linaiva polepole, na punje inapata muda wa kukomaa ikawa ngumu na yenye utamu. Ndiyo maana kahawa ya Bugisu, yaani ya miteremko hii yetu, iliyotunzwa vizuri ina uchachu wa chungwa, pengine wa divai, kisha chokoleti inafuata nyuma. Aina ya mbuni nayo ina mchango wake: SL14, SL28 na ile Nyasaland ya zamani hazina ladha moja. Lakini mlima na mbegu ni mtaji tu. Nimeonja kahawa ya juu sana mlimani iliyonuka ukungu, na ya chini zaidi iliyonifanya niombe kikombe cha pili. Tofauti ilikuwa mikono ya watu.

Mbuni hauivishi matunda yote siku moja. Tawi moja lina mekundu, ya njano na ya kijani, na la kijani likiingia kikapuni, kikombe kinapata ukakasi kama wa ndizi mbichi. Inabidi shamba lipitiwe tena na tena. Kibarua anayelipwa kwa debe hana sababu ya kuliacha la kijani. Mwenye shamba, anayejua kwamba ada ya watoto itatoka humo, analiacha. Najua mtaniuliza habari za wezi. Ni kweli, bei ikipanda wanaingia usiku, na wengi tunachuma mapema kwa hofu. Hilo linahitaji kijiji kizima kulinda kwa zamu, kwa sababu tukichuma mabichi tumejiibia wenyewe.

Tunda likichumwa, limenywe siku hiyohiyo. Punje hutoka na ute, na ute huondolewa kwa kuvundika, yaani kuziacha tangini zichachuke, saa 12 hadi 36 kufuatana na baridi ya mahali. Usitegemee saa ya ukutani. Ingiza mkono tangini, chota konzi, isuuze, isugue kiganjani. Ikiteleza, bado. Ikikwaruza na kulia inaposuguana, tayari: ioshe sasa hivi. Ukichelewa, ule uchachu mzuri unageuka siki, na siki hiyo haitoki hata ukiiosha kwa maji yote ya Sipi.

Halafu vichanja, zile meza za kuanikia, na hapa ndipo tunapopoteza fedha nyingi. Kahawa iliyoanikwa chini hubeba harufu ya udongo hadi kikombeni. Iweke juu, tabaka jembamba, igeuze mara kwa mara, ifunike jua likiwa kali na mvua ikinyemelea, hadi unyevu ushuke kwenye asilimia 11 au 12. Jua kali hupasua ganda la ndani, mvua huleta ukungu. Ni kazi ya siku 10, siku 15, wakati mwingine zaidi, na katika nyumba nyingi inafanywa na akina mama. Siku ya mizani, anayekwenda kwa mnunuzi ni baba, na pesa zinabaki mfukoni mwa baba. Wazee wangu, mniwie radhi, lakini hili nitalisema: mama asiyeiona pesa ya kahawa ataamkaje usiku wa manane kuifunika? Kabla ya kununua mashine mpya, kaeni wawili mpange mgao.

Ndugu wa Masaka, robusta, ile aina ya kahawa mnayolima ninyi, ni mti wa kwetu. Mpaka leo iko mwitu katika msitu wa Kibale, na Waganda wa Buganda walifunga undugu wa damu kwa punje mbili za tunda moja. Robusta haijichavushi yenyewe, kwa hiyo mbegu za mti mmoja huzaa miti isiyofanana. Kama shambani mwa babu bado kuna miti iliyosalimika na ugonjwa wa mnyauko ulioonekana mwaka 1993, ionjeni peke yake kabla ya kuing'oa. Ikichumwa mbivu na kukaushwa vichanjani, robusta hutoa kakao, karanga za kukaanga na utamu wa sukari guru. Wataalamu wetu walishiriki kuandaa vigezo vya kimataifa vya robusta bora, nasi bado tunaiuza kiboko, yaani kavu na maganda yake, iliyochumwa kijani na kuanikwa uani. Inaniuma.

Kuonja hakuhitaji maabara. Koboa kidogo, kaanga sufuriani ukikoroga bila kuacha, usiifikishe nyeusi maana kuunguza huficha kasoro na sifa pamoja. Ilaze hadi kesho, kisha isage. Gramu 8 na kidogo kwa mililita 150 za maji yaliyotoka kuchemka. Ngoja dakika nne, vunja utando wa juu kwa kijiko huku pua ikiwa karibu, ondoa povu, kisha vuta kwa sauti. Sukari iacheni kabatini. Panga vikombe vitano vya kahawa ileile: kimoja kikiharibika, tafuta kosa kwenye upembuzi, na vyote vitano vikinuka, rudi tangini au vichanjani. Onja ya moto, onja ikipoa, kwa sababu joto hufunika mengi. Andika kwenye daftari tarehe ya kuchuma, saa za kuvundika, siku za kuanika na ladha mliyoipata. Mnunuzi akija, mfungulieni daftari kwanza, gunia baadaye.

Pale mezani kuna sampuli za Elgon, za Masaka, na moja ya Kasese iliyokaushwa pamoja na tunda lake. Sitawaambia ipi ni ipi. Akina mama watangulie, na kila mmoja achukue kijiko chake.