Masikio mawili ya mashine: kujua sauti inatoka upande gani

Assalaam alaykum, karibuni. Leo niko juu ya paa letu hapa Lamu mjini, na nimepanda huku makusudi. Vichochoro vyetu ni vyembamba na kuta ni za mawe ya matumbawe. Ukipiga kofi kule chini mwangwi unarudi kutoka kila ukuta, mashine ikachanganyikiwa. Anzia mahali pa wazi.

Chukua ubao, funga maikrofoni mbili kwa umbali wa sentimita 20. Zote ziingie kwenye kadi moja ya sauti, yaani kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta, moja kushoto na moja kulia. Hapa usikosee. Mimi nilianza na vinasa sauti viwili, kila kimoja na saa yake, nikapoteza siku nzima nikihesabu tofauti ya saa nikidhani ni ya sauti.

Weka programu ya kurekodi ichukue sampuli 48,000 kwa sekunde, yaani ipime sauti mara 48,000 kila sekunde. Mwambie mwenzako asimame mbele yako, kuliani, apige kofi moja kavu. Mluzi mrefu haufai: mawimbi yake yanafanana, programu haijui lipi ilipatanishe na lipi.

Sasa kuza picha ya mawimbi. Fuata kidole changu: mstari wa kulia umeruka hapa, wa kushoto umeruka hapa, sampuli 14 baadaye. Sisi tunahesabu kwa macho. Programu husogeza mstari mmoja juu ya mwingine, sampuli moja moja, mpaka ipate pale unapolingana zaidi.

Gawanya 14 kwa 48,000, unapata sekunde 0.00029. Kwenye nyuzijoto 30 sauti huenda karibu mita 350 kwa sekunde, kwa hiyo imetembea sentimita 10 zaidi kufika kushoto. Kumi kwa ishirini ni nusu, na pembe ambayo sini yake, ile ya hesabu za pembetatu, ni nusu ni digrii 30 kutoka mbele yako. Ndipo aliposimama! Kila nikiiona hesabu hii moyo wangu unafurahi.

Ila akipiga kofi nyuma yako kuliani, jibu ni 14 ile ile. Sisi watu tunageuza shingo. Nawe geuza ubao digrii kumi kulia, usikilize tena. Sampuli zikipungua, sauti iko mbele. Zikiongezeka, iko nyuma. Mmemsikia punda huyo? Kwanza alitoa 9. Nimegeuza ubao, amelia tena: 13. Yuko nyuma yangu, upande wa forodhani.