Pesa ina raha? Nakujibu mdogo wangu wa Pemba

Asalaam aleikum ndugu zangu, hamjambo nyote, wa Wete, Chake, Mkoani, na nyie wa Unguja mnaotutazama msijione wageni. Leo sikuonyesheni majengo wala maduka, nimekaa hapa jikoni kwangu Uingereza, ndo kwanza nimetoka shifti ya usiku, nataka nimjibu mdogo wangu mmoja aloniandikia inboksi. Kaniuliza, kaka, hivi hiyo pesa mnayopata huko mna raha nayo? Maana mie nataka niuze sehemu yangu ya mikarafuu nije. Basi swali hilo nimekwenda nalo kazini, nimebeba nalo maboksi usiku kucha.

Kwanza tusidanganyane. Wanaosema pesa haina raha wengi wao washakula wakashiba. Dhiki mie naijua. Mama yangu alikuwa akishona kofia za viua, kitobo kimoja kimoja kwa sindano na uzi, kofia moja inamla wiki na wiki, na mie skuli nimesomeshwa kwa kofia hizo na karafuu za msimu. Halafu macho yakaanza kumfanya ukungu, kumbe mtoto wa jicho. Ikawa kila saa anaita watoto wa jirani wamtungie uzi, mwisho akaacha kabisa, kofia aloianza ikabaki imekunjwa kwenye mkoba chini ya kitanda karibu miaka miwili. Nilipopata kazi hapa Uingereza cha mwanzo nilichofanya ni kutuma pesa ya operesheni. Alipofunguliwa jicho na kurudi nyumbani kanipigia simu, hata hali hakuniuliza, kaniambia "mwanangu, nimetunga uzi mwenyewe." Nilikuwa ndani ya basi, nikalia mbele ya watu wasonijua. Hiyo pesa mtu asije akaniambia haina raha.

Gari nilinunua pia. Wiki tatu naipiga picha, ya nne imekuwa chombo cha kunifikisha kazini tu.

Na hili jambo wataalamu wamelihangaikia sana. Mwaka 2010 Daniel Kahneman na Angus Deaton walichambua majibu zaidi ya 450,000 ya Wamarekani, wakasema furaha ya kila siku inapanda na kipato mpaka kama dola 75,000 kwa mwaka halafu inasimama (dola hizo ni za bei za kule, usizigeuze shilingi ukaanza kupiga hesabu). Mwaka 2021 akaja Matthew Killingsworth, yeye alitumia programu ya simu inayomshtukiza mtu katikati ya siku imuulize saa hii unajisikiaje, akaona haisimami, inaendelea kupanda. Mie nilichokipenda ni kuwa hawakutukanana, Kahneman na Killingsworth walikaa pamoja, akawepo na Barbara Mellers katikati yao kama msuluhishi, na 2023 wakatoa jibu moja: kwa watu wengi furaha inaendelea kupanda na pesa, ila kwa wale wenye furaha ndogo kabisa, kama asilimia 20 hivi, ikifika karibu dola 100,000 inagota. Maana mtu akishakuwa na msiba moyoni, au kuachwa na ampendae, au maradhi ya huzuni, kuna pahala pesa haifiki.

Hapo nilipoisoma niliweka simu chini, kwa sababu pahala hapo mie nimeshafika.

Baba alifariki alfajiri. Habari imenikuta natoka kazini saa kumi na mbili asubuhi, kwenu ni saa tatu. Pesa ya tiketi ilikuwepo, yote, tena na ziada, nimesimama pale kituo cha basi na kadi mkononi natafuta ndege. Lakini nyie mnajua sisi maiti hatuiweki, na hakuna ndege duniani ya kunitoa hapa ikanifikisha Pemba kabla ya Adhuhuri. Binamu yangu kaninyanyulia simu juu ya vichwa vya watu, nikaona jeneza, nikaona mabega ya ami zangu, wakati wa kumshusha picha ikaganda. Iliporudi watu walikuwa washaanza kutia mchanga.

Pale Mtambwe Mkuu, huko huko Pemba, mwaka 1984 wachimbuaji walikuta sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zimefukiwa, za karne ya 11. Tangu siku ile ya maziko ya baba namfikiria sana alozifukia. Alikuwa nazo zote, na hakurudi.

Kwa hiyo mdogo wangu, kuja sikukatazi, nitakuwa mnafiki. Kima cha chini hapa Aprili 2025 kilipanda kikafika pauni 12.21 kwa saa, ukisikia hivyo unaona utajiri, lakini kodi ya chumba, umeme, nauli na baridi vinakusubiri mlangoni. Ila mikarafuu usiuze, nakuomba. Ukiupanda mwengine leo utakaa miaka sijui mingapi hujachuma hata pishi, na kama mzee wako yupo hai, muulize yeye kwanza, ukae nae barazani umuulize, usimtumie voisi.

Juzi imenifikia kofia kutoka kwa mama, kaja nayo mtu alokuwa likizo. Ni ile ile ya chini ya kitanda, kaimaliza. Ukiitazama karibu unaona wapi alipoachia na wapi alipoanza tena, vitobo vya nyuma vimekwenda upande, hivi vipya vimenyooka. Alikuwa akimshonea baba. Kaniambia niivae mie Ijumaa.