Ndoo Mbili na Mifuko Minne: Wazimamoto wa Kujitolea wa Philadelphia

Habari za jioni, ndugu zangu. Nianze na msemo mnaoujua: kinga ni bora kuliko tiba. Siku hizi ukiusikia, msemaji ni daktari au mtu wa chanjo. Waingereza wana wa kwao, kwamba wakia moja ya kinga inashinda ratili nzima ya tiba, na Benjamin Franklin aliuchapa ndani ya barua katika gazeti lake huko Philadelphia, Marekani, mwezi Februari 1735. Hakuwa na habari na ugonjwa wowote. Alikuwa anazungumzia makaa ya moto.

Watu walikuwa na mazoea ya kuchota makaa kwa sepetu na kupanda nayo ngazi, ili wakawashe moto chumba kingine. Kaa dogo likidondoka katika ufa wa ubao, halionekani mpaka usiku wa manane, ngazi ikiwa tayari inawaka. Barua ile imeandikwa kwa sauti ya mzee, na mzee huyo anasema yeye mwenyewe aliwahi kuruka dirishani ili asibanikwe. Basi, mzee gani! Franklin alikuwa na umri wa miaka 29.

Ndani ya barua aliwasifu watu wa Boston, mji aliozaliwa, kwa kuwa na vyama vya kusaidiana wakati wa moto. Wasomaji wakaelewa. Tarehe 7 Desemba 1736 yeye na wenzake wakatia saini mkataba wa Union Fire Company. Neno hilo la mwisho, yaani kampuni, lisiwapotoshe: hapakuwa na hisa wala gawio. Kilikuwa chama, watu wanaojuana, wamekubaliana.

Naomba nikae kidogo kwenye mkataba huo, maana ndio ulionifanya nisimame hapa leo. Mtu hutarajia kusoma habari za kuzima moto. Unachokuta kwa wingi ni habari za vyombo vya ndani. Kila mwanachama ajinunulie kwa fedha zake ndoo mbili za ngozi na mifuko minne ya kitani kigumu, yenye kamba ya kukaza mdomo. Ndoo na mifuko vitiwe herufi za jina la mwenyewe. Moto ukizuka karibu na nyumba ya mwenzao yeyote, wote wakimbilie huko, wapakie mali yake mifukoni na kuipeleka mahali salama. Na wawili kati yao wasimame mlangoni muda wote, ili mtu wa kutiliwa shaka asiingie, wala asitoke na kitu.

Hao wawili wa mlangoni ndio ninaowapenda kuliko wote. Nyumba ya jirani inawaka, watu wanapiga kelele, na wewe kazi yako ni kusimama na kutazama nyuso. Ukifikiri vizuri, utaona akili yake. Moto wa usiku huleta mtu mwenye ndoo na mtu mwenye gunia tupu, na katika moshi huwezi kuwatofautisha. Nadhani hata zile herufi kwenye mifuko zilikuwa kwa ajili hiyo: mfuko usio na jina linalojulikana usipite mlangoni.

Kuna kifungu kingine kidogo. Kila mmoja awe na orodha mbili za majina ya wanachama wote. Moja aje nayo kwenye mikutano, ya pili aitundike mahali pa wazi, pale pale zilipo ndoo. Kwa hiyo unapokurupuka usingizini na kunyoosha mkono gizani, kitu cha kwanza kumulikwa na mshumaa wako ni majina ya watu uliowaahidi.

Asiyehudhuria kikao alitozwa faini, na faini hizo zikanunua pampu, ngazi na kulabu za kuvutia paa linaloungua. Pampu zenyewe zilikuwa sanduku la maji lenye mikono pande mbili. Wanaume wanapiga juu chini, na wengine wanalijaza kwa ndoo kutoka kisimani. Mstari wa ndoo ukikatika, pampu inakohoa hewa.

Waliotaka kujiunga wakawa wengi kuliko nafasi. Hawakuongeza viti, waliwaambia, nendeni mkaanzishe chenu. Mwaka 1738 kikazaliwa Fellowship, na vikafuata vingine kimoja baada ya kingine. Franklin alipoandika habari zake uzeeni, zaidi ya miaka 50 baadaye, chama cha kwanza bado kilikuwa hai. Katika waasisi walikuwa wamebaki yeye na mzee mmoja aliyemzidi mwaka mmoja.

Bima ilitoka humo humo. Mwaka 1752 ikaanzishwa Philadelphia Contributionship, ambayo alama yake ni mikono minne iliyoshikana. Baadaye walikataa kuzikatia bima nyumba zenye miti mbele, kwa kuwa miti iliwazuia wazimamoto. Wapenda miti wakaanzisha kampuni yao mwaka 1784, na alama waliyochagua, bila shaka mmeshakisia, ni mti.

Sasa tuingie karne ya 19, ambako mambo yanaharibika. Mwaka 1801 mji ulipata maji ya mabomba, na mwaka 1803 kikaundwa chama cha kwanza cha mipira ya maji. Sisi tunaita mpira. Ule ulikuwa wa ngozi, na miaka michache baadaye ukaanza kupigwa ribiti za shaba. Mstari wa ndoo haukuhitajika tena, na mimi naona hapo ndipo kitu kilipolegea. Ndoo inamhitaji jirani. Bomba la barabarani linamhitaji anayefika kwanza.

Vilevile, orodha iliyo na majina yako haina majina ya wengine. Mwaka 1818 Wamarekani weusi wa Philadelphia waliunda chama chao cha zimamoto. Vyama vya weupe vikapinga vikali, hadi viongozi wa weusi wenyewe wakaona heri kivunjwe kuliko kuleta balaa. Walikuwa wanaomba ruhusa ya kuzima moto tu.

Kufikia miaka ya 1840 vyama vingi vilikuwa vya vijana wa mtaa, kabila na dini. Moyamensing Hose, chama cha mipira ya maji, ilikuwa ya Waairishi, wahamiaji kutoka Ireland. Shiffler Hose ilipewa jina la kijana aliyeuawa mwaka 1844 akiwa upande wa waliowachukia wahamiaji hao hao. Walipigana barabarani huku nyumba inaungua, na wengine waliwasha moto makusudi ili mahasimu waje wavamiwe.

Kilichowamaliza ni mvuke. Cincinnati ilianza kikosi cha kulipwa chenye pampu ya mvuke tarehe 1 Aprili 1853. Pampu ya mkono ilitaka wanaume kwa makumi. Ya mvuke ilitosheka na wachache, na haikuwa na ugomvi na mtu. Philadelphia ilishikilia mambo yake hadi tarehe 15 Machi 1871, siku ambayo kikosi cha mji kilianza kazi.

Lakini nje ya miji mikubwa vyama havikufa. Hadi leo zaidi ya nusu ya wazimamoto wa Marekani ni wa kujitolea: fundi, mwalimu, mkulima, anaacha alichokishika na kukimbia. Mifuko ya kitani imekwisha. Ila moto ukiwa ghorofani, wako wanaoingia chumba cha chini, wanasogeza samani katikati na kuzifunika kwa turubai, maji yanayomwagwa juu yasije yakaziharibu.

Naona mikono imeshaanza kunyooshwa. Tuanze na dada aliye karibu na dirisha.