Baraza Lilijua Lini, na Liliuliza Nini?

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu, ndugu wahitimu wa vyuo mbalimbali mnaoishi hapa Mombasa, na nyinyi wanafunzi mliokuja kutusikiliza: asalamu aleikum, na hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya mhitimu na chuo alichosomea. Ningeweza kuzungumzia michango, au karo za wanafunzi wasiojiweza, na hayo ni mambo mema ambayo vyama vyetu vinayafanya. Lakini nafsi yangu haitatulia nikiliruka lile lililotukera wengi wetu, kwa hiyo nitazungumzia baraza la chuo, na hasa mwenendo wake pindi kashfa inapozuka. Ninalodai ni jambo moja. Kashfa ikitokea, baraza lina wajibu wa kujibu waziwazi kwamba lilijua lini na liliuliza nini, na sisi wahitimu tuna haki ya kuyasikia majibu hayo bila ya kupigwa danadana.

Wako wanaotuambia kwamba tulishamaliza masomo, tuna kazi zetu na watoto wetu, basi tuyaache ya chuo kwa wenye chuo. Hao wanasahau kwamba shahada hutolewa siku moja, ila thamani yake huendelea kupimwa maisha yote ya mwenye nayo. Mwajiri wa Changamwe au wa Dubai anaposoma jina la chuo kwenye cheti changu, hakiangalii chuo kilivyokuwa enzi zangu. Anakiangalia kilivyo leo na kilivyotajwa katika habari za juzi. Tazameni hapa Tudor. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kikiwa taasisi ya elimu ya Waislamu ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la MIOME, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, ya Aga Khan, ya jamii ya Mabohora na ya serikali ya kikoloni. Mwaka wa 1966 kikawa taasisi ya ufundi, mwaka wa 1972 kikawa politekniki, mwaka wa 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki, na mwaka wa 2013 kikapata hati ya chuo kikuu kamili. Mzee aliyesomea ufundi pale chini ya jina la kale, na binti aliyevaa joho juzi chini ya jina la sasa, wote wawili wanaitegemea sifa ya mahali pamoja. Nakitaja chuo hiki kwa heshima na kwa ajili ya historia yake tu; nitakayoyalalamikia hayakutokea huko.

Yalitokea katika chuo nilichosomea mimi, ambacho sitakitaja kwa sababu mashauri yake bado hayajafungwa. Wanafunzi wa kike waliandika malalamiko kwamba mhadhiri mmoja alikuwa akizizuia alama zao mpaka wamkubalie mambo ambayo nyote mnayaelewa. Malalamiko yakapita idarani, yakapanda kwa mkuu wa kitivo, yakafika kwenye baraza. Habari zilipozagaa mjini, baraza lilitoa taarifa fupi ikisema kwamba linafahamu madai yanayosambazwa na kwamba linawaomba wote wawe watulivu. Baada ya hapo, kimya. Sisi wahitimu tukaandika barua ya heshima, tukaipeleka masjala, ikagongwa muhuri wa tarehe, tukarudishiwa nakala yetu, na mpaka leo hatujajibiwa hata kwa mstari mmoja.

Baadaye nilipata kuzisoma kumbukumbu za mkutano ambao malalamiko yale yaliwasilishwa. Ajenda ilianza na ununuzi wa gari, ikafuatiwa na ukarabati wa uzio, kisha maandalizi ya mahafali, na kila kimoja kati ya hivyo kilijadiliwa kwa kurasa, pamoja na majina ya wajumbe waliohoji bei na waliotaka zabuni irudiwe. Malalamiko ya wale wasichana yalikuwa chini kabisa, ndani ya kipengele cha mengineyo, ambacho sote tuliowahi kuketi mikutanoni tunajua kwamba hufikiwa wakati watu wameshafunga mafaili na wanaangalia saa. Yaliandikwa kwa sentensi moja, kwamba baraza limearifiwa na kwamba uongozi utalishughulikia suala hilo. Halikutajwa jina la mjumbe aliyeuliza swali, wala haikuwekwa tarehe ya kuletewa ripoti, na uongozi uliokabidhiwa suala lile ndio uleule uliokuwa umelikalia tangu mwanzo. Watu wazima waliojua kuuliza bei ya mabati ya uzio hawakujua kuuliza idadi ya wasichana walioumizwa. Hilo ndilo lililonikasirisha, na bado linanikasirisha.

Nimetafuta mahali pengine ambapo jambo la namna hii limeandikwa kwa ukamilifu, ili tujifunze bila ya kubahatisha, na nimelipata Marekani, katika Chuo Kikuu cha Penn State cha jimbo la Pennsylvania. Novemba 2011, Jerry Sandusky, aliyewahi kuwa kocha msaidizi wa kandanda ya Kimarekani chuoni hapo, alikamatwa kwa makosa ya kuwadhulumu watoto wa kiume kingono. Wengi wa watoto hao aliwapata kupitia shirika la hisani alilolianzisha mwenyewe kwa ajili ya watoto wenye shida. Mwaka uliofuata mahakama ilimtia hatiani kwa mashtaka 45 kati ya 48, akahukumiwa kifungo kisichopungua miaka 30. Siku chache baada ya kukamatwa kwake, usiku wa tarehe 9 Novemba, bodi ya wadhamini, ambayo kwao ndiyo baraza la chuo, ilimwondoa rais wa chuo, Graham Spanier, na kumfuta kazi kocha mkuu Joe Paterno kwa njia ya simu. Wanafunzi wakamiminika barabarani kwa ghadhabu na kulipindua gari la kituo cha televisheni.

Wahitimu wa chuo kile waliikasirikia bodi, na walikuwa na sababu. Hata hivyo lazima niseme jambo ambalo baadhi yao hawakupenda kulisikia. Hasira ya wengi ilianza na heshima ya kocha aliyefukuzwa kwa simu, wakati ambapo hasira ya kwanza ilistahili kuwa ya watoto. Mwaka wa 1998 mama mmoja aliwaambia polisi wa chuo juu ya yaliyomfika mwanawe, na mwaka wa 2001 msaidizi wa timu alimwona Sandusky na mtoto katika bafu la wanamichezo na akalipeleka jambo hilo kwa wakubwa wake. Miaka kumi ikapita kutoka hapo hadi kukamatwa. Mhitimu anayelilia jina la chuo kabla ya kuwalilia waliodhulumiwa ndani yake anafanya kosa lilelile la bodi anayoilaumu, na ningependa sisi tuingie katika shauri letu tukilijua hilo.

Turudi kwenye bodi yenyewe. Machi 2011, miezi saba kabla ya Sandusky kukamatwa, gazeti la Patriot-News la Pennsylvania lilichapisha habari kwamba anachunguzwa na jopo la raia linalofanya kazi chini ya mahakama. Mei mwaka huohuo wadhamini walielezwa na rais wa chuo pamoja na wakili wa chuo kuhusu uchunguzi huo. Kwa hiyo walisoma gazetini na wakaambiwa mkutanini. Louis Freeh, aliyewahi kuliongoza shirika la upelelezi la FBI, ambaye bodi yenyewe ilimwajiri aichunguze kadhia hiyo, aliandika katika ripoti yake ya Julai 2012 kwamba bodi haikudadisi ipasavyo na wala haikuwa na utaratibu wa kuhakikisha kwamba hatari kubwa zinafikishwa mezani pake. Ripoti hiyo imepingwa vikali, hasa na familia ya Paterno na wahitimu wengi, kwa yale iliyoyasema juu ya kocha. Ila juu ya bodi, mtu hahitaji ripoti ya mtaalamu kuona tatizo: walijua mwezi wa Mei, na Novemba walishtuka kama wageni.

Kunyamaza kuligharimu. Chuo kililipa zaidi ya dola milioni 100 kwa waliodhulumiwa, na chama cha michezo ya vyuo kikakitoza faini ya dola milioni 60, kwa makubaliano ambayo rais mpya aliyatia saini bila ya bodi nzima kupiga kura. Kwa maneno mengine, hata katika kulipia kosa la kutouliza, wadhamini wengi walijikuta tena nje ya chumba cha maamuzi.

Wahitimu wa kule walikuwa na silaha ambayo sisi hatuna. Bodi yao ilikuwa na wajumbe 32, na 9 kati yao huchaguliwa kwa kura za wahitimu. Mwaka wa 2012 walijitokeza wagombea 86 kwa viti vitatu tu. Mtu angedhani kwamba wakishaingia mambo yamekwisha. Hayakwisha, kwani mwaka wa 2015 wajumbe saba waliochaguliwa na wahitimu walilazimika kwenda mahakamani ili waruhusiwe kuzisoma nyaraka za uchunguzi wa Freeh, nyaraka za bodi ambayo wao wenyewe ni wajumbe wake. Mahakama iliwakubalia. Ndiyo maana siwaombi leo tupigane kwanza kwa ajili ya viti. Mjumbe aliyekaa kitini na asiweze kufungua faili hana tofauti na sisi tulioko nje ya lango.

Hapa kwetu mabaraza ya vyuo vikuu vya umma yanaundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka wa 2012, na kalamu ya uteuzi iko mkononi mwa Waziri. Makatibu wa wizara wamo barazani, naye naibu chansela huketi humo pia, ijapokuwa yeye ndiye anayepaswa kusimamiwa. Tuliona Januari 2020 jinsi kalamu hiyo inavyoweza kutumika, pale Waziri wa Elimu alipoubatilisha uteuzi wa naibu chansela wa Chuo Kikuu cha Nairobi na kulivunja baraza, jambo likaishia mahakamani. Mjumbe anayejua kwamba aliletwa na Waziri, na kwamba Waziri anaweza kumwondoa, atakuwa na macho ya kuangalia juu kuliko ya kutuangalia sisi. Simlaumu kila mjumbe. Nimewajua wajumbe waadilifu waliochoka. Ninaulaumu utaratibu unaomruhusu mwadilifu na mzembe kujificha pamoja nyuma ya sentensi moja ya mengineyo.

Mlango tulionao ni Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010, kinachompa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016 inayokitekeleza. Chuo kikuu cha umma ni taasisi ya umma. Raia akiandika ombi, taasisi inatakiwa imjibu ndani ya siku 21, na ikikataa itoe sababu, na asiporidhika ana njia ya kukata rufaa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Tofauti kati ya barua yetu ya awali na ombi chini ya sheria hii ni kubwa. Ile ilikuwa barua ya heshima, na heshima inaweza kupuuzwa. Ombi la kisheria lina siku zinazohesabika.

Najua litakalosemwa. Litasemwa kwamba tunakianika chuo chetu, na kwamba watu wa pwani tunajua kusitiriana, funika kombe mwanaharamu apite. Naiheshimu sitara kama mtu yeyote aliyelelewa katika mji huu, lakini sitara ni ya aliyeonewa, na hakuna mafundisho niliyoyapata, ya chuoni wala ya madrasani, yanayompa mwenye mamlaka haki ya kuitumia kujifunikia uzembe wake. Tunaweza kudai kumbukumbu za mikutano huku majina ya walalamikaji yakiwa yamefutwa. Tunaweza kuiacha kesi ya mhadhiri iende mkondo wake, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka wa 2006 inawataja wenye mamlaka wanaowasumbua walio chini yao, na mtuhumiwa ana haki ya kusikilizwa. Tunachokitaka sisi hakimhusu mhadhiri kabisa. Kinahusu wale waliokuwa wameketi mezani.

Ombi limeshaandikwa. Linataka tarehe ambayo baraza liliyapokea malalamiko kwa mara ya kwanza, kumbukumbu za kila mkutano yalipotajwa, na nakala ya kila ripoti ambayo baraza liliuagiza uongozi uilete, au tamko la maandishi kwamba halikuagiza ripoti yoyote. Kila raia anaweza kuomba kwa jina lake, kwa hiyo sitaki saini moja ya chama. Nataka maombi mengi, kila moja na muhuri wake wa masjala na tarehe yake ya kuhesabiwa. Nakala ziko kwa katibu, na atakuwepo hapa hadi baada ya magharibi. Rasimu tuliwapelekea kwanza wale wasichana walioandika malalamiko, wakaisoma, wakatuomba tuongeze swali moja, nalo ndilo lililowekwa juu kabisa: ni nani katika baraza aliyepewa jukumu la kuwajibu wao, na kwa nini hakuwajibu.