Unga Hauna Kosa

(Mhadhara kwa mafundi wa samani, Dar es Salaam, kama ulivyotolewa)

Shikamooni wazee wangu, na vijana hamjambo. Naona mbele hapa wapo walionisikia mara nyingi, na mmoja ameshaanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Cheka tu, ndugu yangu. Nitasema yaleyale, kwa sababu na nyinyi mnafanya yaleyale.

Nikipita kwenye karakana, iwe Keko, iwe Buguruni, nakutana na wimbo mmoja kuhusu unga wa rangi, ule tunaoukoroga kwenye maji au spiriti kupaka mbao: "Mwalimu, unga wa siku hizi feki." Kabati la paini limetoka mabakamabaka, unga feki. Meza ina mistari kama imeparuliwa na paka, unga feki. Mlango umeiva katikati na kuungua miguuni, unga feki. Basi leo nimekuja kuutetea unga mahakamani, maana hana wakili mwingine.

Sitaeleza paini inatoka wapi. Mnaipokea kwa malori kutoka msitu wa kupandwa wa Sao Hill. Wala sitaeleza kwa nini tunaipaka rangi. Bei ya mninga mnaijua kuliko mimi.

Ila hili la msingi nitalisema, kwa sababu ndipo mnapopotea. Rangi ya mbao ya kopo ni chembe zilizosagwa, zinaelea ndani ya mafuta. Iache koponi usiku kucha, asubuhi utakuta tope chini. Zile chembe hazinyweki, zinakaa juu juu, kwenye vinyweleo na mikwaruzo. Unga ni kitu kingine. Ukiukoroga vizuri kwenye maji unayeyuka wote, haubaki na tope, na ukiupaka unaingia ndani ya nyuzi za mti. Ndiyo maana ukimaliza bado unauona mti, mapambo yake yote yapo, na wakati mwingine yanaonekana zaidi kuliko mwanzo. Sasa jiulizeni: kitu kinachoingia ndani hivyo, kitaficha nini? Hakifichi kitu. Chochote kilichomo kwenye mbao yako, unga unakitangaza.

Niliitwa kutazama kabati la vitabu. Sisemi wapi, na fundi mwenyewe simtaji. Mteja amekataa kumalizia pesa. Fundi ameshanunua pakiti ya pili ya unga, duka tofauti, na madoa ni yaleyale. Nikainama. Kila panapoungana rafu na ubao wa pembeni pana doa jeupe, na doa moja, wallahi, lilikuwa vidole vitatu vya mtu. Kidole cha shahada, cha kati, cha pete. Unaona hadi upana wa ncha. Nikamwambia fundi leta mkono wako. Akauleta, akaupachika pale. (Vicheko.) Ni wake.

Gundi nyeupe, ndugu zangu. Alibana rafu, gundi ikatoka kidogo, akaifuta kwa kidole, akashika ubao kuusogeza, akaendelea na maisha. Gundi ikikauka haionekani. Unapita na msasa, mkono unakuambia pako laini, jicho linakuambia pako safi. Lakini pale nyuzi zimeshazibwa, na unga hauna pa kuingilia. Angenunua pakiti ya kumi, vidole vingekuwa palepale.

Alikuwa bado na mlango mmoja hajaupaka. Nikaomba kitambaa na maji. Maji ya bomba, siyo dawa. Nikaufuta mlango wote ukalowa. Mbao ikaiva kwa muda ule mfupi maji yanapokuwa juu, na pale kwenye kona, vidole vingine hivi hapa, vyeupe, vinatutazama. Na juu yake kulikuwa na miviringo ya mashine ya msasa, midogomidogo, imejaa mlango mzima. Hakuiona hata mmoja mbao ilipokuwa kavu.

Hilo tu ndilo ninalowaomba kila mwaka. Kabla ya unga, maji. Lowesha kazi nzima, itazame ikiwa bado mbichi, mwanga ukiwa pembeni siyo juu, na uzungushie penseli kila unachokiona. Maji yanakuonyesha leo, bure, kile ambacho unga utakuonyesha kesho mbele ya mteja. Gundi ikwangue kwa patasi kali au kwangio, usiisugue kwa msasa peke yake, maana msasa unaisambaza.

Najua mtakachosema. "Mwalimu, maji yanainua nywele za mbao, kazi inakuwa kama kidevu cha mzee." Ndiyo hasa ninachotaka! Zinyanyuke leo, usiku zikauke, asubuhi uzipitie kwa msasa mwepesi namba 220, kwa mkono, kufuata nyuzi, bila kukandamiza. Zikishanyanyuka na kukatwa mara ya kwanza, unga wa maji ukija hazinyanyuki tena kwa kiasi cha kukusumbua. Usipozinyanyua wewe, unga utazinyanyua, na ukizipiga msasa wakati huo unaondoa na rangi. Ndipo unapoona fundi anapaka, anasugua, anapaka, anasugua, halafu anaulaani unga.

Mwingine atasema, "Mteja ana haraka, mimi natumia unga wa spiriti." Haya. Spiriti haiinui nywele sana, na inakauka upesi, kweli. Upesi kiasi kwamba hujafika mwisho wa meza, ulikoanzia pamekauka, na kila brashi inapopandia nyingine pana mstari mweusi. Mwenye bunduki ya kupulizia ataweza. Mwenye brashi na meza ya watu wanane, kwa nini unajitesa? Unga wa maji unakupa nafasi. Mwaga, tandaza, hakikisha pote pamelowa, kisha futa ziada kwa kitambaa. Na kama ni kitu kilichosimama, anzia chini kwenda juu. Ukianzia juu, michirizi inateremka kwenye mbao kavu, na mchirizi ukishanywewa hautoki. Ukianzia chini, unadondokea pale palipokwisha kulowa.

Na hiyo haraka ya mteja, mimi siielewi. Mteja huyohuyo alikaa wiki tatu akibembeleza bei.

Turudi kwenye msasa. Mtu anatoka namba 80 anaruka hadi 220, anasema imekuwa laini. Imekuwa laini juu, chini mifereji ya 80 ipo yote, na unga unajaa humo. Pita 80, 120, 150, 180, kila mmoja ufute alama za aliyemtangulia. Kwenye vichwa vya mbao, pale nyuzi zilipokatwa, ongeza hatua moja, maana vichwa vinakunywa kupita kiasi. Vilevile unaweza kuvilowesha kwa maji kidogo kabla ya kupaka, vikashiba.

Sasa paini yenyewe, ambayo ndiyo mnaipaka zaidi. Tazameni pete zake. Sehemu nyeupe ni laini, imekua upesi, inakunywa. Sehemu ya kahawia ni ngumu na ina utomvu, haitaki kunywa. Ukipaka rangi nzito kwa mara moja, nyeupe inageuka nyeusi, na ya kahawia inabaki nyeupe. Mti umegeuka ndani nje! Mteja hajui kilichotokea, lakini anajua kuna kitu hakijakaa sawa. Hapo dawa ni mbili. Koroga unga mwepesi, upake mara mbili au tatu badala ya mara moja. Au tangulia na shelaki, ile vanishi inayoyeyushwa kwa spiriti, iwe nyepesi kabisa, ikauke, msasa kidogo, ndipo upake. Rangi itakuwa hafifu zaidi ila itatulia. Na mnaotaka paini ifanane na mninga, msianze na kahawia. Anzeni na njano, halafu wekundu, nyeusi tone tu la kuzimua. Na ukimuuzia mtu, mwambie ni paini. Nzuri ni nzuri, haina haja ya jina la watu.

Pima kwa mizani, siyo kwa kijiko cha kukadiria. Gramu 15 kwa lita moja ni mwanzo mzuri. Ukitaka kuiva zaidi ongeza unga, siyo kuacha ilowe muda mrefu. Maji ya moto, yasiwe yanachemka. Chombo cha plastiki au kioo. Acha ipoe, chuja kwa kitambaa, na uandike kwenye chupa ulichoweka, maana mteja atarudi kutaka stuli ya kufanana. Msitumie stiliwaya ya masufuria kwenye kazi ya unga wa maji. Vipande vyake vikibaki ndani ya mkaratusi au mti wowote wenye tanini, ule ukakasi wa asili wa mti, vinatoa vidoa vyeusi. Hivyo navyo mtasema unga.

Na kipande cha majaribio! Kipande cha mbao ileile, kilichopigwa msasa uleule, na ukimalize hadi vanishi, kwa sababu unga ukikauka unapauka, unakutisha bure, vanishi ndiyo inayourudishia uso. Mama zetu wa mikeka hawawezi kutumbukiza ukindu wote sufuriani bila kuchovya uchane mmoja kwanza. Nyinyi mnamwaga juu ya kabati la milioni.

Tukiwa hapo kwa akina mama: wengine wenu mnanunua unga wao wa mikeka sokoni kwa sababu ni rahisi na unawaka. Unawaka kweli. Wengi wake ni jamaa moja na rangi za mwanzo kabisa za maabara. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18, William Perkin, kule London, alikuwa anatafuta kwinini ya kutibu malaria kutokana na lami ya makaa ya mawe, akapata zambarau. Mwaka 1859 huko Ufaransa ikaja majenta, nyekundu yenye uzambarau. Zinapendeza, lakini nyingi za ukoo huo jua linazila haraka. Meza ya dirishani, miezi michache, wekundu umekwenda. Ulizeni duka unga wa mbao ambao rangi yake imefungwa na metali. Huo unastahimili zaidi. Lakini hata huo usiupeleke barazani kwenye jua la mchana. Vitu vya nje vinahitaji rangi ya chembe, basi.

Nimeambiwa nina dakika tano. Nilikuwa na mengi kuhusu vanishi, nitasema moja. Unga wa spiriti usiupitie kwa brashi ya shelaki, maana shelaki nayo iko ndani ya spiriti, inauyeyusha na kuuburuta. Unga wa maji, shelaki haiugusi. Ukiwa na vanishi ya maji juu ya unga wa maji, weka shelaki katikati. Kupulizia tutazungumza siku nyingine.

La mwisho, na hili hapana vicheko. Unga mkavu ni vumbi, na vumbi lile siyo la mbao. Mwaka 1895 daktari wa upasuaji wa Frankfurt, Ludwig Rehn, alieleza saratani ya kibofu kwa wafanyakazi wa kiwanda cha hiyohiyo majenta. Wao walikuwa wanaitengeneza, nyinyi mnaikoroga tu, sawa, lakini namwona kijana anapuliza pakiti kwa mdomo ili unga uliobaki utoke. Barakoa, glavu, feni zizimwe wakati wa kupima, na unga uingie kwenye maji polepole. Watoto wasiwe karibu, na usikorogee kwenye chupa ya soda.

Nasikia chakula kimefika. Waliopima unga na mimi asubuhi, bomba liko nyuma ya stoo, sabuni ipo. Nitakuwa mlangoni nikitazama mikono.