Tosca yarejea Roma na mandhari ya mwaka 1900

SALMA: Karibuni wasikilizaji. Leo tunaizungumzia Tosca, opera (tamthilia inayoimbwa) ya tanzia ya mtunzi Mwitalia Giacomo Puccini, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza tarehe 14 Januari 1900 katika ukumbi wa Costanzi mjini Roma. Mwaka 2015 ilirejeshwa katika jengo lilelile, ambalo sasa linaitwa Teatro dell'Opera, ikiwa na mandhari ya jukwaani, yaani turubai zilizochorwa, na maleba, yaani mavazi ya waigizaji, yaliyotengenezwa upya kwa kufuata michoro ya Adolf Hohenstein, msanii aliyeyabuni mwanzoni. Kaka Juma, taabu yote hiyo ilikuwa ya nini?

JUMA: Kwanza, dada Salma, michoro yenyewe ipo. Hohenstein aliongoza kazi za usanii katika kampuni ya Ricordi iliyochapisha muziki wa Puccini, na nyaraka za kampuni hiyo zimehifadhiwa Milano hadi leo. Pili, na kwangu hili ndilo zito, opera hii haitenganishwi na mahali pake: sehemu ya kwanza iko katika kanisa la Sant'Andrea della Valle, ya pili katika kasri la Farnese, ya tatu juu ya ngome ya Sant'Angelo, na majengo yote matatu bado yamesimama Roma. Puccini alifika hadi kuchunguza mlio wa kengele za alfajiri ili auandike sawasawa.

SALMA: Hapo ndipo ninapoingiwa na shaka. Turubai lililochorwa nguzo, likimulikwa kwa taa kali za siku hizi, huonesha kila mkunjo, na mwimbaji akiisogelea nguzo hiyo, kimo chake huumbua udanganyifu wote. Je, hatutazami makumbusho?

JUMA: Taa hupunguzwa, na waimbaji hupangwa mbele, mbali na turubai. Lakini tazama mwisho wa sehemu ya pili. Tosca, mwanamke ambaye opera imepewa jina lake, amekwisha kumchoma kisu Scarpia, mkuu wa polisi. Anachukua mishumaa miwili na kuiweka kila upande wa kichwa cha maiti, anatungua msalaba ukutani na kumwekea kifuani, kisha anatoka, na muda wote huo okestra ndiyo inayosimulia. Muziki umepimwa kwa hatua hizo. Nimewahi kuona onyesho ambalo chumba kilikuwa kitupu, hakina mshumaa wala msalaba, na mwimbaji alibaki akizungukazunguka huku muziki ukimsubiri afanye jambo.

SALMA: Kwa sehemu hiyo nakubali, ingawa michoro hutuonesha nguo na samani tu. Namna waigizaji wa mwaka 1900 walivyotumia mikono na macho haimo humo, na ukiirudisha yote huenda watazamaji wakacheka pasipostahili kicheko.

JUMA: Wala sitaki irudishwe. Mwimbaji wa leo na aigize kileo, mradi mtu asiviondoe vinara mezani.